Gitaa la Umeme na Nywele Ndefu: Historia ya Foki Roki na Enzi ya Mahipi

Foki roki ni muziki uliozaliwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, pale nyimbo za jadi za wakulima, wachimba migodi na wafanyakazi wa reli zilipoanza kupigwa kwa gitaa la umeme, besi na ngoma za bendi za vijana. Nyimbo za jadi zilileta hadithi ndefu, mashairi yenye kusema jambo na desturi ya kuwasema wakubwa bila kuwaogopa. Roki ilileta sauti kubwa, mdundo wa kuchezeka na, lisilo dogo, soko. Ndani ya miaka mitano muziki huo ulikuwa umefungamana na mwamko wa vijana walioitwa mahipi, kiasi kwamba historia ya mmoja haiwezi kusimuliwa bila mwingine. Pande zote mbili zilijinadi kuwa hazitaki biashara. Hata hivyo ni kampuni za santuri, vituo vya redio na baadaye sinema zilizozifikisha mbali, na mvutano huo haukuwahi kwisha.

Kabla ya umeme, 1930–1957

Mizizi iko katika miaka ya njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na ukame pamoja na dhoruba za vumbi viliwafukuza maelfu ya wakulima kutoka Oklahoma na majimbo jirani kwenda California kutafuta vibarua. Miongoni mwa waliohama alikuwa Woody Guthrie, aliyezaliwa Oklahoma mwaka 1912. Alichukua sauti za nyimbo za zamani, akazitilia maneno mapya kuhusu wahamaji, mabenki na mashamba yaliyochukuliwa. Wakati huohuo John Lomax na mwanawe Alan walikuwa wakizunguka vijijini na magerezani wakirekodi nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika gereza la Angola, Louisiana, mwaka 1933, walimkuta Huddie Ledbetter, mwimbaji Mweusi aliyejulikana kama Lead Belly, aliyekuwa na hazina ya nyimbo kichwani.

Guthrie alipofika New York mwaka 1940 alikutana na Pete Seeger, mpiga banjo kijana aliyekuwa ameacha masomo ya Harvard. Waliimba pamoja kwenye mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Baada ya vita Seeger na wenzake watatu waliunda kundi la The Weavers, na mwaka 1950 wimbo wa Lead Belly uitwao "Goodnight, Irene" uliwaweka juu ya chati za Marekani kwa majuma 13. Lead Belly mwenyewe alikuwa amefariki Desemba 1949, miezi michache kabla ya wimbo wake kuingiza fedha.

Swali la nani anayemiliki wimbo wa jadi liliigusa Afrika moja kwa moja. The Weavers walirekodi pia "Wimoweh", ambao kwa hakika ulikuwa "Mbube", wimbo ambao Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi Johannesburg mwaka 1939. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliutoa tena kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukashika namba moja. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini, na warithi wake walifikia suluhu ya kulipwa mwaka 2006 tu. Kuuita wimbo "wa watu wote" kuliwafaa sana wale waliojua njia ya kwenda kuusajili.

Mafanikio ya The Weavers yalikatwa na siasa. Hofu ya ukomunisti ilikuwa imetanda, majina yao yakaingia kwenye orodha ya watu wasiotakiwa redioni wala kwenye televisheni, na kundi likavunjika. Mwaka 1955 Seeger aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akakataa kujibu maswali kuhusu imani na marafiki zake. Alihukumiwa mwaka 1961, na hukumu ikatenguliwa mwaka uliofuata. Waliomfungia milango hawakutegemea matokeo yake: kwa kuwa kumbi kubwa hazikumpokea, Seeger alizunguka vyuoni, shuleni na kwenye kambi za watoto, akifundisha nyimbo na upigaji wa banjo. Wengi waliokuja kushika magitaa katika miaka ya 1960 walimsikia kwa mara ya kwanza huko.

Migahawa ya Greenwich Village, 1958–1964

Mwaka 1958 vijana watatu walioanzia California, The Kingston Trio, walitoa "Tom Dooley", wimbo wa zamani kuhusu mauaji, nao ukashika namba moja. Walivaa mashati nadhifu na hawakugusa siasa, na kwa sababu hiyo walipenya pale ambapo The Weavers walikuwa wamezuiwa. Mwaka 1959 likaanzishwa tamasha la nyimbo za jadi huko Newport, Rhode Island, na hapo alijitokeza msichana wa miaka 18, Joan Baez, ambaye sauti yake nyembamba na kali iligeuka kuwa sauti ya kizazi hicho.

Kitovu kilikuwa mtaa wa Greenwich Village, New York, penye migahawa midogo ya kahawa ambako mwimbaji alilipwa kwa kupitisha kapu. Januari 1961 aliingia hapo kijana wa Minnesota, Robert Zimmerman, aliyejiita Bob Dylan. Mojawapo ya mambo ya kwanza aliyofanya ni kumtembelea Guthrie, ambaye tayari alikuwa mgonjwa hospitalini. Albamu yake ya pili, ya mwaka 1963, ilikuwa na "Blowin' in the Wind", wimbo ambao kundi la Peter, Paul and Mary waliufikisha kwenye chati. Tarehe 28 Agosti 1963, siku ambayo Martin Luther King alihutubia watu wapatao robo milioni mjini Washington, Dylan, Baez na kundi hilo walikuwa jukwaani.

Wimbi hilo lilikuwa na nafasi kwa nyimbo kutoka nje ya Marekani, na Kiswahili kilipata sehemu yake. Miriam Makeba, aliyekuwa uhamishoni, na Harry Belafonte walitoa albamu mwaka 1965 ambamo "Malaika" ilikuwemo, na albamu hiyo ikatwaa tuzo ya Grammy katika fungu la nyimbo za jadi. Nyumbani Afrika Mashariki wimbo huo ulikuwa umeshavuma kwa sauti ya Fadhili William, na ubishi juu ya mtunzi wake haujaisha mpaka leo.

Kwa wapenzi wa nyimbo za jadi wa wakati huo, gitaa kavu lilikuwa karibu na ahadi ya dini. Umeme ulihesabiwa kuwa wa roki, roki ilihesabiwa kuwa ya watoto na wafanyabiashara. Anayeimba juu ya haki za wanyonge hakutakiwa kuonekana anatafuta namba moja kwenye chati.

Mwaka wa 1965

Msukumo wa kuvunja ukuta huo ulitoka Uingereza. Februari 1964 The Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani mbele ya watazamaji takriban milioni 73. Mwaka huohuo The Animals, vijana wa Newcastle, waliuchukua wimbo wa jadi "House of the Rising Sun", wakaupiga kwa gitaa la umeme na kinanda, nao ukapanda hadi namba moja pande zote mbili za Atlantiki. Jambo lililodhaniwa haliwezekani lilikuwa limeshafanyika, tena na wageni.

Los Angeles, Roger McGuinn, ambaye wakati huo bado aliitwa Jim, alitazama filamu ya The Beatles, akaona gitaa la umeme la nyuzi 12 mikononi mwa George Harrison, akajipatia la kwake. Yeye na wenzake waliunda The Byrds. Waliuchukua wimbo wa Dylan "Mr. Tambourine Man", wakaufupisha na kuutilia mlio wa nyuzi hizo 12 unaolia kama kengele, na Juni 1965 ukashika namba moja Marekani. Ndipo magazeti ya muziki yalipoanza kutumia jina la foki roki. Kwenye santuri hiyo, iliyopokewa kama sauti mpya na safi ya vijana, mwanabendi pekee aliyepiga chombo ni McGuinn. Baadhi ya wenzake waliimba tu, na vyombo vingine vilipigwa na wanamuziki wa kukodiwa wa studio.

Dylan naye hakungoja. Machi 1965 alitoa albamu ambayo nusu yake ilikuwa ya umeme, na tarehe 20 Julai ikatoka "Like a Rolling Stone", wimbo wa zaidi ya dakika sita wakati redio zilizoea nyimbo za dakika tatu. Siku tano baadaye alipanda jukwaa la Newport akiwa na gitaa la umeme, nyuma yake Mike Bloomfield na wanamuziki wa bendi ya Paul Butterfield. Baadhi ya watazamaji walizomea. Sababu inabishaniwa: wapo waliochukia umeme wenyewe, wapo waliolalamikia vyombo vilivyofunika maneno, na wapo walioudhika kwa kuwa alipiga nyimbo tatu tu akashuka. Alirudi na gitaa kavu, akaimba mbili zaidi, na hakupanda tena jukwaa la Newport mpaka mwaka 2002. Mwaka uliofuata, katika ziara ya Uingereza, mtazamaji mmoja huko Manchester alimwita Yuda mbele ya ukumbi mzima.

Mtu aliyesimama nyuma ya mageuzi haya bila kuonekana ni Tom Wilson, mtayarishaji Mweusi kutoka Texas aliyefanya kazi katika kampuni ya Columbia. Ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa "Like a Rolling Stone". Juni 1965, mwezi wimbo huo uliporekodiwa, alichukua pia wimbo wa Simon na Garfunkel, "The Sound of Silence", uliokuwa kwenye albamu ya mwaka 1964 iliyoshindwa kuuzika, akawaita wapiga gitaa, besi na ngoma wa studio, akaviweka vyombo hivyo juu ya sauti zilizorekodiwa zamani. Wenyewe hawakuulizwa. Wawili hao walikuwa wameshaachana, na Paul Simon alikuwa Ulaya akiimba kwenye vilabu vidogo. Januari 1966 wimbo ulikuwa namba moja, na kundi lililokufa likafufuka. Kama kuna kisa kimoja kinachoonyesha foki roki ilivyotengenezwa kwa pamoja na washairi na mafundi mitambo, ni hicho.

Vijana wengi, vita na mtaa mmoja wa San Francisco

Muziki peke yake usingezaa enzi. Kati ya mwaka 1946 na 1964 Marekani ilipata watoto wapatao milioni 76, wengi wao wakikulia kwenye uchumi mzuri, na vyuo vikajaa. Vidonge vya kuzuia mimba viliruhusiwa mwaka 1960. Waandishi wa kizazi cha Beat, hasa Jack Kerouac na Allen Ginsberg, walikuwa wameshawafundisha wasomaji wao kuyatilia shaka maisha ya kazi, nyumba na gari. Juu ya yote hayo ikaja Vietnam. Machi 1965 vikosi vya kwanza vya mapigano vya Marekani viliteremka huko, na kufikia 1968 wanajeshi walizidi 500,000. Vijana waliandikishwa jeshini kwa lazima, kwa hiyo kila mvulana wa miaka 18 na kuendelea alikuwa na sababu yake binafsi ya kusikiliza wimbo wa kupinga vita.

Waliopewa jina la mahipi na magazeti ya San Francisco mwaka 1965 walikusanyika katika mtaa wa Haight-Ashbury, ambako majumba makubwa ya zamani yalipangishwa kwa bei ndogo. Walifuga nywele, walivaa shanga na nguo za mitumba, wakavuta bangi na kumeza LSD, dawa ya maruweruwe ambayo California haikuipiga marufuku mpaka Oktoba 1966. Bendi zao zilitoka moja kwa moja kwenye nyimbo za jadi. Jerry Garcia wa Grateful Dead alikuwa mpiga banjo, na Jefferson Airplane walianza mwaka 1965 kama kundi la foki roki. Tofauti ni kwamba huku wimbo ulirefushwa hadi dakika 20, maneno yakapungua, na gitaa likaachwa litangetange. Wahafidhina wa nyimbo za jadi walioogopa umeme mwaka 1965 sasa walikuwa na jambo lingine la kuogopa.

Tarehe 14 Januari 1967 zaidi ya watu 20,000 walijaa Golden Gate Park kwa mkusanyiko ulioitwa Human Be-In. Vyombo vya habari vikashika moto. John Phillips wa The Mamas and the Papas alitunga "San Francisco", ukaimbwa na Scott McKenzie, na ukafanya kazi ya tangazo la usafiri. Juni ikafuata na tamasha la Monterey, ambako Janis Joplin, Jimi Hendrix na Otis Redding walijitambulisha kwa umati mpya, na maofisa wa kampuni za santuri wakawa nyuma ya jukwaa na mikataba mkononi. Majira hayo ya joto vijana hadi 100,000 wanakadiriwa kumiminika Haight-Ashbury. Kikundi cha Diggers kiligawa chakula cha bure, na zahanati ya bure ikafunguliwa Juni, lakini mtaa haukuweza kubeba umati huo. Njaa, magonjwa ya zinaa na wauza dawa kali vilifika pamoja na maua. Tarehe 6 Oktoba wenyeji walibeba jeneza barabarani, wakafanya maziko ya mzaha ya "hipi", aliyeuawa, kwa maelezo yao, na vyombo vya habari.

Uingereza yachimba kwake

Upande wa pili wa bahari foki roki ilichukua sura nyingine. Fairport Convention walianza kwa kuiga Wamarekani. Mei 1969 gari lao lilipata ajali iliyomuua mpiga ngoma wao, Martin Lamble, na walionusurika hawakutaka kurudia nyimbo zao za awali. Waligeukia mashairi ya kale ya Uingereza, ya wachawi, mabaharia na wapenzi waliosalitiwa, wakayapiga kwa umeme na fidla, huku Sandy Denny akiimba. Albamu yao Liege & Lief ya Desemba 1969 ndiyo inayotajwa kuwa mama wa foki roki ya Kiingereza. Ni kazi iliyozeeka vizuri kuliko nyingi za California za wakati huo.

Woodstock mpaka Kent, 1969–1970

Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Agosti 1969, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, walikusanyika watu wapatao 400,000 kwa tamasha lililoitwa Woodstock. Uzio haukukamilika kwa wakati, na waandaaji wakatangaza kiingilio ni bure, si kwa ukarimu bali kwa kushindwa. Richie Havens alifungua kwa gitaa kavu kwa sababu magari ya bendi nyingine yalikwama kwenye foleni. Joan Baez aliimba akiwa mjamzito, mumewe David Harris akiwa gerezani kwa kukataa kwenda jeshini. Crosby, Stills, Nash & Young walipanda usiku wa manane, na Hendrix alifunga asubuhi ya Jumatatu wakati wengi walikuwa wameshaondoka. Mvua ilinyesha, chakula kikaisha, vurugu hazikutokea. Dylan, aliyeishi jirani na mji wa Woodstock wenyewe, hakwenda. Waandaaji walibaki na madeni. Filamu ya tamasha, iliyotoka mwaka 1970 na kushinda tuzo ya Oscar, ndiyo iliyoingiza fedha na kuipeleka sura ya hipi hadi kwenye majumba ya sinema ya nchi ambazo hazijawahi kumwona.

Miezi minne baadaye, tarehe 6 Desemba, tamasha la bure la Rolling Stones huko Altamont, California, lilikabidhi ulinzi kwa genge la waendesha pikipiki, Hells Angels. Kijana Mweusi wa miaka 18 alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa akiba waliua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent, Ohio, wakati wa maandamano ya kupinga vita. Neil Young alitunga "Ohio" siku chache baadaye, na wimbo ukawa redioni kabla ya Juni kwisha. Foki roki haikuwahi kuwa karibu na habari za siku kiasi hicho, kabla wala baadaye.

Yaliyobaki, na pwani ya Afrika Mashariki

Baada ya 1970 muziki wenyewe ulirudi chumbani. James Taylor, Carole King na Joni Mitchell waliimba juu ya mapenzi na upweke kuliko juu ya vita, na albamu ya King ya 1971, Tapestry, iliuzwa kwa mamilioni. The Byrds walikuwa wameshageukia muziki wa kantri mwaka 1968, na njia hiyo ikawafikisha Eagles kwenye utajiri. Uandikishaji wa lazima jeshini ulikoma mwaka 1973, na sababu kubwa ya kuandamana ikaondoka nao. Mambo mengine yalidumu: Siku ya Dunia, iliyoadhimishwa kwanza tarehe 22 Aprili 1970, kilimo kisicho na kemikali, yoga, na suruali za jinzi zilizoacha kuwa nguo za kibarua peke yake.

Afrika Mashariki mitindo hiyo ilifika kwa santuri, sinema na majarida, ikachanganyika na soul ya Wamarekani Weusi. Serikali hazikuona tofauti kubwa kati ya vitu hivyo viwili. Tanzania, iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, ilishuhudia Umoja wa Vijana wa TANU ukianzisha Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969 dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Baadaye mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Malawi ya Hastings Banda iliwakataza wanaume kufuga nywele ndefu na kuvaa bugaluu, na mgeni aliyefika mpakani hivyo alitakiwa anyolewe kwanza. Kwa watawala hawa mahipi walikuwa watoto wa matajiri waliochoka kushiba, na vijana wa nchi iliyokuwa bado inajenga taifa hawakuwa na cha kuwaiga. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo marufuku hazikuzuia bugaluu kushonwa na mafundi wa mitaani katika miaka yote ya 1970.

Mahipi wenyewe walisafiri kwa nchi kavu kutoka Istanbul kupitia Iran na Afghanistan hadi India na Nepal, na wengine walishuka pwani ya Kenya hadi Lamu. Mji usio na magari, wenye vyumba vya bei nafuu na ufukwe mrefu wa Shela, uliwafaa. Kwa mji wa Kiislamu wenye adabu zake za mavazi, uliokuwa umepoteza sehemu kubwa ya biashara yake ya kale ya majahazi, wageni hao walileta fedha na minong'ono kwa pamoja. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran na majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan viliifunga njia ya Asia. Lamu iliendelea kupokea wasafiri, lakini pole kwa pole wa mkoba mzito zaidi: nyumba za kale za mawe zilinunuliwa na kukarabatiwa na wageni, na mwaka 2001 mji mkongwe ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.